Mwondoe Mume Wangu Nambari Nne

Kwa Mhariri,
Gazeti la Mirrabeen na Mashamba Yake.

Alhamisi, baada ya chai ya asubuhi.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana ikikukuta mgonjwa nitalazimika kukuonea huruma, na kwa leo sina nafasi hiyo. Mimi ni Noreen Gilmartin, mke wa Athol Gilmartin, wa nyumba ya paa jekundu ukishapita maghala ya ngano. Unanijua vizuri, ndimi niliyekufundisha kuogelea. Lakini leo sikuandikii kama mama jirani. Nakuandikia kama msomaji wako wa siku zote, kwa hiyo tuheshimiane.

Jana umechapisha ukurasa mzima wenye kichwa kisemacho "Wachezaji Kumi Bora Wastaafu wa Mpira wa Kiaustralia Niliowatazama kwa Macho Yangu". Nambari moja umemweka Stavros Kalamaras, nambari mbili Lionel Atkin, nambari tatu Darcy Boland, na nambari nne mume wangu. Naomba umwondoe. Sisemi umpandishe wala umshushe, nasema umwondoe, na tangazo la kumwondoa libandikwe kwenye mlango wa klabu yetu ya mpira kabla ya Jumamosi saa sita mchana, timu ya pili inapoingia uwanjani. Sababu zangu ni hizi zifuatazo. Nimezipa nambari kwa kuwa naona wewe ni mtu wa nambari.

1. Kichwa cha habari yako si cha kweli. Unasema uliwatazama kwa macho yako. Fergus, mwanangu, Athol kuonekana uwanjani mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1994, na wewe ulikuwa hujaota meno ya kutosha. Najua kwa sababu kigari chako nilikisukuma mimi, mama yako alikuwa amekwenda kwenye uzio kumweleza refa asili ya ukoo wake. Ulilala robo zote nne za mchezo. Ulipoamka ulitaka ndizi. Kama huko ndiko kutazama, basi hata mimi nimewahi kutazama moyo wangu ukipigwa picha hospitali, lakini sijaenda kuuweka nafasi ya ngapi katika mioyo ya wilaya hii.

2. Hili ndilo kubwa. Athol hajastaafu.

Wewe ni mzaliwa wa hapa, unajua mtu anavyostaafu Mirrabeen. Anapanda juu ya meza klabuni baada ya mechi, analia kidogo, anawashukuru akina mama wa jikoni, halafu anatundika viatu vyake kwenye msumari ukutani juu ya baa, na tangu hapo havishuki tena hata dunia ipinduke. Nenda katazame ukuta huo. Viatu vya Stavros vipo. Vya Lionel vipo, kimoja kimetafunwa na panya. Vya Darcy vipo, na nina hakika huwa anakuja kuvipiga rangi. Vya Athol viko kwenye chumba changu cha kufulia, na kila mwaka mwezi wa nne, msimu unapoanza, anavipaka mafuta. Siku ile goti lilipomgomea aliniambia anapumzika wiki mbili. Bado anapumzika. Sijawahi kumsikia akitamka neno "kustaafu" isipokuwa kuhusu fahali wetu wa zamani, na hata fahali alimwombea mwaka mmoja zaidi.

Utaniuliza, Mama Noreen, hilo wewe linakuhusu nini? Linanihusu hivi. Nyuma ya banda letu kuna karavani yetu ya kulala safarini. Tulikubaliana mbele ya watoto wetu kwamba Athol akishastaafu tutaifunga nyuma ya gari na kwenda kaskazini kwenye joto, tukae miezi mizima tukila kamba wa baharini na kupigana na usingizi mchana. Nimeishi baridi zote za Mirrabeen nikiisubiri safari hiyo. Shamba tumemwachia binti yetu. Ng'ombe tumewauza. Kilichobaki ni mpira, na mpira ndio huo anaoupumzikia wiki mbili.

Kwa hiyo jana asubuhi nilipoona neno "mstaafu" limechapwa jirani na jina lake, nilikaribia kulibusu gazeti lako. Nikasema, limeandikwa, limekwisha. Nikaanza kuhamishia sufuria kwenye karavani. Nilikuwa nimefika kwenye mifuniko Athol alipomaliza kusoma ule ukurasa, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Nani kastaafu?" akauliza.

Akaondoka na gazeti kuelekea chumba cha kufulia, na mimi nikabaki na mfuniko mkononi nikijua kwamba safari yangu imeingia mchanga.

3. Nambari nne yenyewe. Sijui kama ulifanya kwa makusudi au kwa ujana, lakini wale watatu wa kwanza umewapa picha, na wa nne umempa jina tu, tena kwa herufi ndogo. Ungemweka wa tisa angecheka, angesema kijana huyu hana habari, angenywa chai yake. Lakini kumweka mtu mzima hapo hapo chini ya picha, akiwatazama wenzake nyayo, ni uchokozi. Na huyo aliye juu yake si mwingine ila Darcy Boland, ambaye shamba lake na letu yametenganishwa na seng'enge moja.

Darcy hakuweza kusubiri hata gazeti likauke. Saa tatu alikuwa ameshafika getini kwetu na pikapu yake, akapiga honi mara tatu, akamsubiri Athol atokeze, ndipo akapiga ya nne, fupi. Akashusha kioo akasema kwa adabu kabisa, "Nambari tatu anamsalimu nambari nne." Alasiri akapita tena. Leo asubuhi akapita tena, na safari hii alikuwa ametoka kunyoa. Naona anajiandaa kupigwa picha nyingine.

4. Matokeo ya hoja nambari tatu hapo juu ni kwamba mume wangu, mwenye nyonga moja ya chuma na nyingine inayosubiri zamu yake, ameanza mazoezi. Jana jioni alizunguka maghala ya ngano mbio. Nasema mbio kwa sababu yeye ndivyo anavyoziita. Leo alfajiri nimeamshwa na kishindo, kutoka nje nikakuta ameninginiza boga kwenye kamba yangu ya nguo na analipiga ngumi kwa nyuma. Boga lenyewe lilikuwa la supu. Nilipomkumbusha kwamba daktari alimkataza kuruka, alisema haruki, ananyanyuka. Daktari alisema wazi, nikiwepo, kwamba akianguka vibaya tena asitegemee kutembea mwenyewe. Na mimi sikusubiri miaka yote hii nikamsukume kwenye kiti cha magurudumu kando ya bahari.

Ungesema, aah, hayo ni mazoezi tu, nani atamwingiza uwanjani mzee wa umri huo? Unamsahau mwenyekiti wetu, Trevor Dimech. Vijana wamekwenda mjini, wengine migodini, na timu ya pili haijawahi kutimiza wachezaji kumi na wanane tangu mvua za kwanza. Kwa hiyo kila Jumamosi kabla ya saa sita Dimech anazunguka uwanja akigonga vioo vya magari yaliyoegeshwa kwenye uzio, akiuliza nani ana viatu. Wenye akili hujifunika blanketi. Ameshamchukua daktari wa mifugo. Ameshamchukua mchungaji wa kanisa letu, ambaye alitoa lugha iliyotushangaza wote. Mwezi uliopita alimchukua bwana mmoja aliyekuja kuleta mitungi ya gesi jikoni, akacheza robo mbili na buti za kazi, na wiki iliyofuata akachaguliwa mchezaji bora. Sasa mtu kama huyo akigonga kioo cha gari letu na kumkuta Athol amevaa bukta ndani ya suruali, unafikiri itakuwaje? Nimeona hiyo bukta. Ameifua mwenyewe, na huyo ni mtu asiyejua mashine ya kufulia inawashwa wapi.

5. Vigezo vyako. Hukutuambia ulipima kwa kitu gani. Mimi nimeegesha gari kwenye uzio ule ule, upande wa mikaratusi, kila Jumamosi ya msimu tangu nilipoolewa, na kipimo changu ni kimoja: mchezaji gani alinifanya nisahau chai mkononi mpaka ikapoa.

Kwa kipimo hicho Stavros ni wa kwanza, hapo sikupingi. Yule kijana wa duka la samaki na chipsi alikuwa anapanda migongo ya wanaume wazima kama anapanda ngazi ya stoo ya baba yake, anaudaka mpira huko juu, na kabla hajashuka unakuwa umeshapata muda wa kumwita jirani wa gari la pili atazame. Lionel alikuwa anapiga kutoka pembeni kabisa, mahali ambapo nguzo zote nne za goli unaziona kama moja, na mpira unakwenda, unapinda, unaingia katikati. Hakuwahi kushangilia. Alikuwa anarudi mahali pake akivuta soksi. Siku moja nilisahau chai, nikasahau na mtoto. Darcy naye alikuwa mzuri, sikatai, na mwenyewe hajawahi kukataa. Magoli alifunga. Lakini kila akiguswa bega alikuwa anaanguka akishika goti, na kabla timu haijachana lile bango la karatasi linaloshikwa na mashabiki ili kuingia uwanjani yeye alikuwa anachana nywele. Chai yangu ilibaki moto.

Na Athol? Athol alikuwa beki wa kona. Kazi yake ilikuwa kuharibu kazi za watu. Mpira unashuka, fowadi ameruka, mikono juu, magari yameshaanza kupiga honi ya goli, halafu inatokea ngumi kutoka nyuma, mpira unatoka nje, na fowadi anabaki amekumbatia upepo. Basi, hiyo tu. Maisha yake yote hakufunga goli hata moja. Watu hawapigi picha ngumi. Lakini mimi nilikuwa naijua inapokuja. Nilikuwa naona bega lake la kushoto likishuka kidogo, nashika usukani, nasema sasa, na kweli ndiyo sasa. Wale mafowadi wakubwa wa Dunbar Flat, waliokuwa wanafunga kumi kwa kila mtu, kwetu walikuwa wanarudi kwao wameinama wakiuliza yule jamaa mfupi ni nani. Kuna mwaka kule…

Samahani, nimetoka nje ya mada. Sikuandika haya kumsifu. Nilitaka tu kuonyesha kwamba vigezo vyako ni vibovu.

4 tena, maana ile ya juu sikuimaliza. Nimejaribu kuzungumza naye kama mtu mzima na mtu mzima. Nilimwambia, Athol, kama hujastaafu basi sema hujastaafu, watu watakuamini. Akasema maneno hayatoshi, maneno hata Darcy anayo. Nikamwambia basi staafu, panda meza Jumamosi, toa hotuba, tutundike hivyo viatu twende zetu. Akasema mtu hawezi kustaafu kwa sababu gazeti limemwambia, anastaafu akitoka uwanjani. Nikamwambia ulitoka uwanjani mwaka 1994. Akasema, "Hapana, mama. Nilibebwa." Na kwa kweli walimbeba, kwenye machela, nilikuwepo. Sikujua kwamba jambo hilo limemkaa hivyo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nakuletea maombi yangu kwa mpangilio wa upole, uchague moja mapema kabla upole haujaisha.

(a) Umwondoe kwenye orodha kwa sababu hajastaafu.

(b) Kama hilo haliwezekani, umshushe mpaka nambari tisa, apate kucheka.

(c) Kama nambari tisa ina mwenyewe mkali, umpandishe nambari moja, asiwe na kitu cha kuthibitisha kwa mtu. Stavros ana roho nzuri, nitampelekea keki.

(d) Kama yote hayo ni magumu, utangaze kwamba Darcy Boland naye hajastaafu, Dimech amgongee kioo yeye.

(e) Ukishindwa na hilo pia, nitaomba bodi ya gazeti ikustaafishe wewe, kwa meza, hotuba na msumari, na viatu vyako vitundikwe upende usipende.

Na ujue kabisa kwamba Jumamosi nitaketi kwenye kiti cha dereva, milango imefungwa. Dimech akija kugonga na kuuliza nani ana viatu, nitateremka mimi. Miguu yangu ni mizima kuliko ya wote niliowataja humu, na nimewatazama mabeki vya kutosha kujua la kufanya.

Nisalimie mama yako, mwambie ile sahani yake bado iko kwangu na naipenda. Nisalimie yule binti wa mapokezi mwenye mafua ya kudumu, babu yako, wapiga chapa wote, na mbwa wa ofisini. Marefa usiwasalimie.

Ni mimi, niliyeudhika kwa heshima zote,

Noreen Gilmartin (Bi.)

N.B. Ni Jumamosi jioni. Barua hii haikukufikia kwa sababu Alhamisi na Ijumaa gari alikuwa nalo Athol, mazoezini. Sasa nakutumia, lakini yote niliyoandika hapo juu yafute. Mwache kwenye orodha. Mtoe Darcy nambari tatu umweke Athol, na nataka picha yake iwe kubwa kuliko ya Lionel.

Dimech alikuja, kama nilivyosema. Upungufu ulikuwa wa mtu mmoja. Nilikuwa nimefunga milango, nimeshika funguo, nimejiandaa na maneno yangu. Athol alinitazama tu, na mikono yake iko magotini, na nikaona hataniomba. Angekaa pale. Angekaa mpaka mechi iishe na karavani ingeondoka Jumapili, na ningekaa naye kando ya bahari akiwa moyoni bado amebebwa kwenye machela ile ile. Nikafungua mlango. Nimekasirika mpaka sasa.

Walimweka kwenye kona yake ya zamani, robo ya tatu. Akapangwa na kijana wa Dunbar Flat, mrefu kama mlingoti, mtoto wa watu mwenye heshima zake. Alimwuliza, "Baba, uko sawa?" Athol akamwambia atazame mpira. Kwa muda mrefu mpira haukufika. Halafu ukaja, juu, ukazunguka kwenye upepo, yule kijana akaruka, mikono juu, na magari ya Dunbar Flat yakaanza kupiga honi.

Nikaona bega la kushoto likishuka.

Nililia, Fergus, nakwambia wazi. Mpira ulitoka nje na mtoto wa watu akabaki amekumbatia upepo, na Athol amesimama kwa miguu yake miwili. Nilipiga honi. Kila gari kwenye uzio lilipiga honi, hata Darcy alipiga, ndefu, akaishikilia. Mimi nilipiga mpaka betri ikafa. Dimech akampungia mkono atoke, akatoka kwa kutembea, polepole, anachechemea, hakutaka kushikwa na mtu. Akaja mpaka kwenye gari letu, akafungua mlango, akaketi, akapumua.

Akasema, "Basi, Noreen. Sasa nimestaafu. Kesho tuondoke."

Nikamwuliza Jumamosi ijayo tunacheza na nani.